Cowles Bog siku ya joto kali: mwongozo kamili wa kwenda ziwani na kurudi

Wanaoshindwa na njia ya miguu ya Cowles Bog, jimboni Indiana, Marekani, hawashindwi wakienda. Wanafika ziwani wakicheka, wanapiga picha, wanaogelea, wanakula. Kisha saa saba mchana wanageuka na kulikuta tuta la mchanga lile lile waliloliteremka asubuhi, sasa linawaka. Maji yamekwisha, watoto wanalia, na mtu mzima amekaa chini ya mwaloni akisema mniache kwanza nipumue.

Kila kiangazi ndugu zetu wa Chicago, Indianapolis, South Bend na Grand Rapids huniuliza kwa nini kurudi huwashinda, na jibu ni moja. Ziwa liko katikati ya safari, si mwisho wake. Ukipanga maji, muda na nguvu kana kwamba ziwani ndiko mwisho, utakwama.

Njia yenyewe ni kitanzi cha kilomita 7.6 (maili 4.7) ndani ya Indiana Dunes National Park, kusini mwa Ziwa Michigan. Inaanza kando ya kinamasi, inaingia msitu wa mialoni, inapanda matuta ya mchanga, inashuka ufukweni, halafu inapanda tena. Hifadhi inakadiria saa nne. Usiidharau kwa sababu ni maili tano kasoro: kutembea kwenye mchanga laini hula nguvu mara mbili na zaidi kuliko kutembea kwenye ardhi ngumu.

## Vitu vya kuwa navyo

- Maji lita 3 kwa kila mtu mzima, lita 1.5 hadi 2 kwa mtoto. Chupa moja iwe imegandishwa.
- Pakiti mbili za ORS (chumvi na sukari za kurudisha maji mwilini), zile za kuchanganya na lita moja ya maji.
- Chakula chenye chumvi kisichoharibika kwa joto: karanga za chumvi, korosho, chapati kavu, viazi vitamu vya kuchemsha. Nyama na mayonizi viache nyumbani.
- Viatu vya kufunga, raba za kukimbilia zinatosha. Soksi ndefu, na jozi ya pili ndani ya begi.
- Suruali ndefu nyepesi na shati la mikono mirefu, vya rangi isiyokolea ili kupe waonekane.
- Kofia pana na losheni ya kukinga jua. Weusi wa ngozi haukuzuii kuungua, unachelewesha tu kujua kwamba umeungua.
- Dawa ya kufukuza wadudu yenye DEET ya asilimia 20 hadi 30.
- Kanga au kitenge kimoja kwa kila watu wawili. Ni kivuli, ni taulo, ni chumba cha kubadilishia nguo, na ikilowa ni kipoza shingo.
- Kibanio cha ncha nyembamba cha kutolea kupe, na plasta za malengelenge.
- Simu iliyojaa chaji, ramani ikiwa imepakuliwa.

Mambo mawili ya kuacha: ndala, na boksi zito la barafu. Ndala zitakutesa msituni kwa kupe na mchangani kwa moto. Boksi la barafu halina magurudumu yanayoweza kupanda tuta, na atakayelibeba kurudi ni wewe.

## Hatua ya 1: Soma hali ya hewa jioni ya kabla

Ingia tovuti ya idara ya hali ya hewa, weather.gov, uandike Porter, Indiana. Usiangalie joto peke yake. Tafuta kipimo cha joto linalohisiwa, kinachojumlisha joto na unyevu wa hewa. Nyuzi 90 za Fahrenheit (32 za Selsiasi) zikikutana na unyevu wa asilimia 60, mwili unahisi nyuzi 100 (38). Kipimo hicho kinahesabiwa kivulini. Ukiwa juani kinaweza kuongezeka hadi nyuzi 15 za Fahrenheit. Na juu ya tuta hakuna kivuli.

Kanuni yangu: ikiwa joto linalohisiwa litafika 100 kabla ya saa sita mchana, ahirisha.

Angalia pia upepo. Ziwa Michigan lina urefu wa karibu kilomita 500 kutoka kaskazini hadi kusini, na ufukwe huu uko mwisho kabisa wa kusini. Upepo wa kaskazini huwa umesafiri ziwa zima ukijenga mawimbi, na mawimbi hayo yanavunjikia hapa. Ukiona tangazo la hatari za ufukweni, nenda utembee ukitaka, lakini kuogelea kufute.

Kuna ndugu watasema wamezaliwa Tanga au Bujumbura na joto haliwatishi. Mwili husahau. Mazoea ya joto hupotea ndani ya wiki chache tu za kukaa mahali pa baridi, na wewe umetoka kwenye miezi ya theluji na ofisi yenye kiyoyozi.

Umefaulu hapa ikiwa unaweza kujibu maswali matatu: joto linalohisiwa saa nne asubuhi ni ngapi, upepo unatoka wapi, na kuna radi mchana au hakuna.

## Hatua ya 2: Panga saa, kisha zirudishe nyuma

Ratiba inayofanya kazi ni hii. Anza kutembea saa moja asubuhi (7:00). Fika ufukweni kabla ya saa tatu. Ondoka ufukweni saa nne (10:00), hata kama maji ni matamu kiasi gani. Uwe kwenye gari kabla ya saa sita. Mchanga unachukua muda kupata moto. Ukiondoka saa nne unaupanda bado unavumilika. Katikati ya siku mchanga mkavu unaweza kupita nyuzi 50 za Selsiasi.

Hifadhi inatumia saa za Chicago. Anayetoka Indianapolis, South Bend au Grand Rapids yuko saa moja mbele, kwa hiyo anapata saa nzima ya bure akienda na kuipoteza akirudi. Kundi linalokutana kutoka miji tofauti lazima liandike "saa za Chicago" kwenye ujumbe, la sivyo nusu yenu mtasubiriana maegeshoni huku jua likipanda.

## Hatua ya 3: Ingia kwa lango sahihi

Kuna hifadhi mbili zinazogusana na majina yao yanafanana. Indiana Dunes National Park ni ya serikali kuu. Indiana Dunes State Park ni ya jimbo. Kila moja ina kiingilio chake, na pasi ya moja haifungui lango la nyingine. Cowles Bog iko kwenye ile ya serikali kuu, ambayo ilianza kutoza kiingilio mwaka 2022. Nunua pasi mtandaoni kwenye nps.gov na uhakikishe bei siku hiyo. Ukiwa na mtoto wa darasa la nne anayesoma Marekani, ulizia pasi ya bure ya wanafunzi wa darasa hilo, inayoingiza familia nzima iliyo ndani ya gari.

Maegesho ya kaskazini yako barabara ya Mineral Springs, karibu na mji mdogo wa Dune Acres. Nafasi ni chache na wikendi za kiangazi zinajaa mapema. Usiegeshe pembeni mwa barabara wala ndani ya Dune Acres. Jaza maji na maliza haja kabla ya kufika. Kituo cha wageni kilichoko barabara ya 49 mjini Porter kina huduma zote mbili, lakini angalia saa zake za kufungua kwanza, kwa sababu huenda ukapita kabla hakijafunguliwa.

Wasio na gari wapande treni ya South Shore Line kutoka Millennium Station mjini Chicago hadi Dune Park. Kwao nashauri wabadilishe mpango: kutoka kituoni ni matembezi mafupi tu hadi State Park, ambako kuna njia ya matuta matatu, Mount Jackson, Mount Holden na Mount Tom. Mount Tom ndilo refu kuliko yote, karibu mita 59. Njia hiyo ni fupi kuliko Cowles Bog na ni kali kuliko Cowles Bog. Hatua nyingine zote za mwongozo huu zinawafaa vile vile.

Mkiwa na bibi, mjamzito au mtoto mchanga, msilazimishe. Wapelekeni West Beach, ambako kiangazi kuna waokoaji, vyoo na bafu, ninyi wenye miguu mkatembee halafu mkutane.

## Hatua ya 4: Jikinge kabla ya kuingia msituni

Fanya haya kwenye lami ya maegesho, si njiani. Chomeka suruali ndani ya soksi. Pulizia dawa ya wadudu kwenye viatu, soksi na mikono. Losheni ya jua itangulie, dawa ya wadudu ifuate. Mwenye muda anaweza kutia nguo permetrini siku moja kabla na kuziacha zikauke. Ni ya jamii ile ile ya dawa inayowekwa kwenye vyandarua, na huwekwa kwenye nguo tu, kamwe si kwenye ngozi.

Sababu ni kupe. Msitu huu una kupe wanaoeneza ugonjwa wa Lyme, na wachanga wao hawazidi ukubwa wa mbegu ya ufuta. Hawarukii mtu, wanangoja kwenye ncha za majani na kudaka kinachopita.

Adui wa pili ni poizoni aivi, mmea ulioenea sana kwenye matuta haya. Una majani matatu kwenye kikonyo kimoja, la katikati likiwa na kikonyo kirefu zaidi ya mawili ya pembeni. Hutambaa chini, hupanda miti, na pengine husimama kama kichaka. Haufanani na upupu wa nyumbani unaowasha papo hapo: huu hukaa kimya, kisha baada ya siku moja au mbili ngozi inavimba na kutoa malengelenge. Kwa hiyo usingoje kuwashwa. Ukiugusa, osha kwa sabuni mapema uwezavyo, na osha viatu pia kwa sababu mafuta yake hubaki juu yake.

Chimba dawa? Toka njiani hatua chache tu, na tazama majani kabla ya kuchuchumaa. Naandika hivi kwa sababu watu wameniuliza kuhusu vipele mahali ambapo sitapataja.

## Hatua ya 5: Tembea msituni polepole kuliko unavyotaka

Kivuli cha mialoni kinadanganya. Hewa ni tulivu, unyevu uko juu karibu na kinamasi, mbu wanakuhimiza ukimbie. Usikimbie. Mwenda polepole zaidi awe mbele, aweke mwendo wa kuzungumza bila kuhema.

Kunywa robo lita kila dakika 20 hivi, ukiwa na kiu au huna. Ila maji mengi kupita kiasi nayo ni hatari, kwa sababu yanapunguza chumvi mwilini. Usizidishe lita 1.4 kwa saa moja. Chupa moja iwe na ORS, na karanga ziliwe njiani badala ya kusubiri pikiniki.

Katika kila njia panda, piga picha ya kibao. Inasaidia kurudi, na inasaidia zaidi ukilazimika kumweleza mtu wa 911, namba ya dharura ya Marekani, ulipo.

Dalili nzuri: unaona mchanga mweupe ukianza kuinuka kati ya miti na bado una zaidi ya robo tatu ya maji yako. Ukiwa na pungufu ya hapo, punguza mwendo na upumzike kivulini. Sehemu ngumu haijaanza.

## Hatua ya 6: Pita tuta bila kulivunja, wala kukuvunja

Hatua fupi, wayo mzima ukishuka bapa. Ukikanyagia vidole mchanga unateleza nyuma na unapanda mahali pamoja mara mbili. Weka mguu kwenye nyayo za aliyetangulia, maana hapo mchanga umeshagandamizwa. Pumzika kila baada ya hatua thelathini au arobaini kabla pumzi haijaisha. Kushuka, inama nyuma kidogo na uache kisigino kizame.

Usikate kona nje ya njia. Nyasi zile ndefu ndizo zinazolishika tuta. Zikikanyagwa zikafa, upepo unauchukua mchanga wote. Na kuna sababu inayohusu roho yako. Mwezi Julai 2013, kwenye tuta la Mount Baldy ndani ya hifadhi hii hii, mtoto wa miaka sita alimezwa na shimo lililoachwa na mti uliozikwa na mchanga na kuoza. Alifukuliwa baada ya zaidi ya saa tatu, akiwa hai. Tangu hapo watu hawapandi Mount Baldy bila askari wa hifadhi. Watoto wasichimbe mahandaki kwenye mteremko wa tuta lolote.

## Hatua ya 7: Ufukweni, pumzika kwa hesabu

Ukifika, fanya mambo mawili kabla ya picha zenu. Geuka nyuma ukariri mahali njia inapotokea, kwa sababu matuta yote yanafanana ukiwa chini, na upapige picha. Kisha pima maji yaliyobaki. Unapoanza kupanda kurudi lazima uwe na nusu ya maji uliyoondoka nayo. Ikiwa umeshatumia zaidi ya nusu, pumzika robo saa kwa miguu ndani ya maji ya ziwa, lowesha kanga, ondoka. Maji ya ziwa usiyanywe.

Kuna siku anga likiwa safi utaona maghorofa ya Chicago ng'ambo ya maji. Kukosa kuyaona si hasara. Utaona viwanda upande wa magharibi hata usipotaka.

Sehemu hii ya ufukwe haina waokoaji. Asiyejua kuogelea asipite magotini, na mtoto awe umbali wa mkono wako. Upepo wa kusini unalaza maji yakaonekana kama kioo, lakini unasukuma maboya ya kupuliza kuelekea ziwa wazi, na mtoto aliyelala juu yake hasikii chochote mpaka yuko mbali. Upepo huo huo unaweza kuyasukuma maji ya juu yenye joto, ya baridi yakapanda kutoka chini. Usijitupe ghafla.

Ukishikwa na mkondo unaokuvuta, usipambane nao. Lala chali, elea, tulia upumue, uuache ukupeleke mpaka ulegee, kisha ogelea sambamba na ufukwe kabla ya kugeukia nchi kavu. Aliye ufukweni arushe kitu kinachoelea, apige 911, asijitose.

Ukisikia radi, toka majini na ufukweni. Hesabu dakika 30 tangu radi ya mwisho kabla ya kurudi mahali pa wazi.

Kabla ya kuondoka, kung'uta mchanga wote, kausha miguu kabisa, vaa soksi za pili. Dakika tano hizi ndizo zinazoamua kama utarudi unatembea au unachechemea. Ukilazimika kutembea kando ya ziwa hadi njia ya kupandia, pita pale mchanga ulipolowa; ni mgumu na ni wa baridi.

## Hatua ya 8: Panda kurudi, na ujue wakati wa kusimama

Kunywa kabla ya kupanda. Lowesha kofia na kanga, funga kanga shingoni. Waliochoka wapande kwanza, wenye nguvu wawe nyuma yao. Mkishafika kwenye mialoni ya kwanza, simameni wote mkae chini, hata anayesema yuko sawa.

Mtazamane. Kuchoka kwa joto kunaonekana hivi: jasho jingi, ngozi baridi na nyevu, kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli kukaza. Huyo alale kivulini, miguu ikiinuliwa, alegezwe nguo, anywe ORS kwa funda ndogo ndogo. Asipopata nafuu ndani ya saa moja au akiendelea kutapika, piga 911.

Kiharusi cha joto ni jambo lingine. Mtu anaongea ovyo, hajui alipo, anayumba kama mlevi, anapoteza fahamu au anapata degedege. Anaweza kuwa mkavu au anatoka jasho. Usilitumie jasho kuamua. Piga 911 hapo hapo. Mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni kwa kanga, chupa iliyogandishwa iwekwe kwapani na kinenani. Msimnyweshe mtu ambaye akili imevurugika, atapaliwa. Kwenye simu sema jina la njia na namba iliyo kwenye picha ya kibao cha mwisho. Kiingereza kikigoma, tamka "Swahili". Vituo vingi hutumia wakalimani wa simu.

Umefaulu ukifika garini na maji yamebaki hata kidogo, na mkojo wako wa kwanza si wa rangi ya chai.

## Hatua ya 9: Kagua kupe siku hiyo hiyo

Nguo ziingie kwenye mashine ya kukaushia kabla ya kufuliwa: dakika kumi za joto la juu zinatosha kuua kupe kwenye nguo kavu. Zilizolowa zinahitaji muda mrefu zaidi. Oga ndani ya saa mbili, kisha kagua kwapani, nyuma ya masikio, kitovuni, nyuma ya magoti, kinenani, na kati ya nywele. Waliosuka wakaguliwe na mtu mwingine mstari kwa mstari.

Ukimkuta kupe amejishika, mbane kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, umvute juu moja kwa moja bila kuzungusha. Usimpake mafuta ya taa wala vaselini wala usimchome kwa kiberiti, njia hizo humfanya ateme mate zaidi ndani ya kidonda. Osha kwa sabuni au spiriti. Kupe aliyetolewa ndani ya saa 24 ana nafasi ndogo sana ya kuwa ameambukiza Lyme. Andika tarehe kwenye kalenda: kwa siku 30 zinazofuata, ukiona wekundu unaotanuka pale alipouma, au homa na viungo kuuma, nenda kwa daktari na umwambie umeumwa na kupe, wapi na lini.